Mwenye Nyumba Yumo Ndani

Mimi ni Abdulghani bin Zubeir bin Omari bin Shee, mzaliwa wa Mambrui, na wazee wangu wote niliowataja wamezikwa hapa hapa. Shee alisalisha watu katika msikiti wetu mpaka macho yalipomwishia, na hata alipokuwa haoni, watu waliendelea kusimama nyuma yake. Omari aliwekewa amana na watu wa Mambrui na Malindi, Waislamu na wasio Waislamu, na hakuna aliyerudi kuichukua akaikuta pungufu. Baba yangu Zubeir alikuwa msomaji wa barua. Zamani hizo wengi hawakujua kusoma, na barua ikitoka Lamu au Mombasa ililetwa barazani kwake. Aliipitia kwanza kimya, kisha akaisoma kwa sauti, kisha akamuuliza mwenyewe: "Umefahamu nini?" Mtu akijibu jambo lisilokuwemo, Baba alimrejesha kwenye karatasi: "Hilo halikuandikwa hapa. Sikiliza tena." Watu walimwamini kwa posa zao, kwa mirathi yao na kwa misiba yao, kwa kuwa hakuongeza neno wala hakupunguza.

Siyataji haya kwa kujigamba, ingawa ninayo haki ya kujigamba. Nayataja ili anayesoma ajue hasira niliyokuwa nayo mwisho wa mwaka wa 1986 ilitoka wapi.

Mimi mwenyewe nilianzia chuo cha Kurani, kwa mwalimu ambaye bakora yake ilikuwa ndefu kuliko sisi, kisha nikasoma shule ya serikali huko Malindi, na maisha yangu yote ya kazi nilikuwa karani wa mahakama. Nilipostaafu nilijipa kazi moja tu, nayo ni kumsomesha mjukuu wangu Tumu, binti wa mwanangu Zubeir. Alikuwa na umri wa miaka minane, yuko darasa la pili katika shule ya msingi ya hapa mjini. Kila alasiri, akisharudi chuoni, alikaa nami kibarazani na kitabu chake cha hadithi. Alisoma ukurasa, nikamwambia afunge kitabu, nikamuuliza yaliyotokea. Akinijibu, sikusema ndiyo wala siyo. Nilisema: "Fungua, unionyeshe ulipoyaona." Naye alitakiwa kuweka kidole juu ya neno au juu ya picha. Jibu lisilokuwa na mahali pa kuwekea kidole sikulipokea, hata lingekuwa tamu namna gani.

Wiki ya mwisho ya muhula wa tatu Tumu alikuja akaketi mbali nami, mkoba ameupakata.

"Fungua kitabu," nikamwambia.

"Leo sisomi, Babu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Mimi sijui kusoma. Mwalimu mkuu amesema."

Mke wangu Mwanabibi alikuwa uani juu ya mbuzi, akikuna nazi. Akasimamisha mkono. "Nani asiyejua kusoma? Huyu anayenisomea mpaka maandishi ya mfuko wa chumvi? Huyo mwalimu mkuu amekula nini leo?"

Nikaomba ripoti. Chini ya masomo yote palikuwa na alama za kuridhisha, isipokuwa ufahamu. Hapo palikuwa na sifuri, na maneno haya: *Hafahamu anachosoma. Arudie darasa la pili.*

Nimeshika karatasi nyingi za kuwahukumu watu. Hakuna iliyonichoma kama ile. Nikajizuia, nikamwambia mtoto anionyeshe hadithi aliyofanyia mtihani. Akaufungua ukurasa. Ilikuwa hadithi fupi ya Mzee Faki, anayempelekea jirani yake, Mama Saida, kikapu cha ndizi. Ninainakili jinsi ilivyoandikwa: *Mzee Faki alifika kwa Mama Saida. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Mzee Faki akaweka kikapu mlangoni, akaenda zake.* Juu ya maneno hayo pana picha ya nyumba. Mlango umerudishwa bila kufungwa, jozi ya ndara za kike iko kizingitini, na nyuma ya paa unapanda moshi.

"Waliwauliza nini?"

"Waliuliza kwa nini Mzee Faki aliondoka. Nikaandika, kwa sababu amepiga hodi mara tatu na hakuitikiwa. Wakauliza Mama Saida alikuwa wapi. Nikaandika, yumo ndani. Wakauliza Mzee Faki alikuwa na hali gani. Nikaandika, hana neno, ameweka kikapu akaenda zake."

"Na walitaka uandike nini?"

Akayasema kama anayesoma kaburini. "Aliondoka kwa sababu hapakuwa na mtu nyumbani. Mama Saida alikwenda shambani. Mzee Faki alihuzunika."

"Nionyeshe shamba."

Akautazama ukurasa. "Halimo, Babu."

"Nionyeshe wewe ulipoona kwamba Mama Saida yumo."

Akaweka kidole juu ya ndara. "Angetoka angezivaa." Akakipeleka kwenye moshi. "Na angetoka angezima moto."

"Mbona basi haitiki?"

"Ana udhuru. Labda anasali. Labda anaoga. Kitabu hakikusema."

Kitabu hakikusema! Wasomaji wangu, nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika maneno ya mashahidi, watu wazima wenye ndevu, ambao hawakuweza kutenganisha walichokiona na walichokidhani. Mtoto huyu alitenganisha. Alijua kilichoandikwa, akajua kinachoonekana kwenye picha, akajua pia pale ambapo kitabu kimenyamaza, naye akanyamaza. Kwa hayo akapewa sifuri.

Zaidi ya hayo, ni nani katika pwani hii asiyejua hodi? Mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa huenda zake, bila kinyongo, bila kuchungulia dirishani. Mwenye nyumba ana haki ya kuwamo na asiitike. Hayo hatufundishwi vitabuni. Mtoto huyajua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake.

Zubeir aliporudi kutoka Malindi, ambako alikuwa akifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya kitalii, nilimpa ripoti. Akaisoma amesimama.

"Baba, jambo hili tusilikuze," akasema. "Mwalimu mkuu ni mtu wetu. Nitamwomba amrudishie mtihani, Tumu aandike wanachotaka, apande darasa la tatu, yaishe."

"Aandike kitu kisichokuwemo kitabuni?"

"Aandike kitakachompitisha. Mimi hotelini kutwa nawaambia wageni wanachotaka kusikia, Baba. Ndicho kinachotulisha."

"Nilikupa jina la baba yangu," nikamwambia, "nami leo nataka kulichukua."

Mwanabibi akasema kutoka uani, "Mchukulie na sahani yake ya wali basi, maana nishampakulia." Zubeir akacheka. Mimi sikucheka.

Asubuhi nilivaa kanzu yangu iliyopigwa pasi, nikamshika Tumu mkono, tukaenda shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa Bwana Kombe, mzaliwa wa Matsangoni, pwani hii hii, ambaye alikuwa ameishi nasi Mambrui miaka mingi. Kila Idi huja kwangu kula, na watoto wake humwita Mwanabibi bibi yao. Aliponiona akainuka.

"Shikamoo, Mzee Abdulghani."

"Marahaba. Sikuja kusalimiana."

Nikaweka ripoti na kitabu mezani. Akamwita mwalimu wa darasa la pili. Aliingia msichana mwembamba, amevaa sweta katika joto lile, jina lake Mwalimu Mwikali. Alikuwa ametoka Kitui mwanzoni mwa mwaka ule, na ilikuwa kazi yake ya kwanza. Akaniamkia kwa adabu, akasimama kando ya meza.

"Mwalimu," nikamwambia, "mjukuu wangu amekosa wapi?"

"Mzee, mgeni aliita mara tatu na hakujibiwa," akasema. "Kama hakujibiwa, basi hakuna mtu. Na mwongozo wa mwalimu unasema hivyo hivyo." Akaufungua ule mwongozo, akanionyesha majibu yaliyopigwa chapa.

"Kwenu mtu akipiga hodi, asipoitikiwa, inakuwaje?"

"Kwetu mtu huita akiwa bado uani, na hata aliye mgonjwa kitandani hujibu. Ukiita na pakawa kimya, ujue wote wako shambani."

Nikamweleza hodi ya huku. Alinisikiliza bila kunikatiza, na nilipofika pale mwenye nyumba anapokuwa kwenye sala, akajishika mdomo.

"Ehe! Ndiyo maana yule mama jirani yangu aliacha kunisalimia! Niliita, niliita, kimya. Nikasema labda ameanguka humo ndani. Nikasukuma mlango, nikamkuta amesujudu, nikamwita kwa nguvu, 'Mama, umeumia?'"

Tumu akaficha uso kwenye kanzu yangu, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Mimi mwenyewe nilihitaji kuangalia dari.

Kwa hiyo binti yule sikuwa na ugomvi naye. Hakujua, na alipoambiwa alisikia. Nikamgeukia Kombe.

"Na wewe? Wewe uliyepiga hodi kwangu Idi iliyopita, sikukuitika, ukaenda zako? Uliporudi adhuhuri uliniambia nini?"

Akatabasamu kidogo. "Nilisema, 'Nilijua umo, Mzee.'"

"Ulijua nimo! Basi Mama Saida mbona humjui?"

"Mzee wangu, hayo ni ya mtaani. Hapa ni shuleni."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, na kila nikiyarudia damu hunipanda. Eti ya mtaani! Kwa hiyo mtoto akifika kwenye lango la shule aiache akili yake nje kama mtu anayevua viatu?

"Mfumo wenyewe wa masomo ni mpya," Kombe akaendelea. "Mkaguzi akija atakagua kwa mwongozo. Darasa zima limepata, isipokuwa huyu mmoja. Twende ukawasikie mwenyewe, Mzee, utaona kama hatufundishi."

Nikachukua ripoti na kitabu, tukaenda darasani. Watoto wakasimama, wakaimba salamu, wakaketishwa. Mwalimu Mwikali akawasomea hadithi, na Kombe mwenyewe akauliza: "Kwa nini Mzee Faki aliondoka?"

"Ha-pa-ku-wa na m-tu nyu-mba-niii!" Darasa lote, kwa sauti moja, wakipiga vidole juu ya madawati.

"Umewasikia, Mzee?"

"Nimesikia kelele. Naomba ruhusa nisikie mtoto."

Kombe akanipa ruhusa kwa mkono. Nikamsimamisha mvulana aliyekuwa mstari wa mbele, akaniambia anaitwa Karisa.

"Karisa, kwenu mgeni akipiga hodi mara tatu na asiitikiwe, hufanya nini?"

"Hwenda zake."

"Huwa hakuna mtu nyumbani?"

"Huwako."

"Mbona haitiki?"

"Mama akioga haitiki."

Darasa likaangua kicheko. Karisa naye akacheka, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Nikamwonyesha picha. "Ndara hizi ni za nani?"

"Za Mama Saida."

"Na moshi?"

"Anapika."

"Basi Mama Saida yuko wapi?"

"Yumo ndani." Hakufikiri hata kidogo.

"Vyema. Na wewe kwenye mtihani uliandika nini?"

"Hapakuwa na mtu nyumbani."

"Kwa nini uliandika hivyo, na unajua yumo?"

Mtoto yule akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mzee asiyejua mambo. "Kwa sababu hilo ndilo jibu."

Nikamsimamisha msichana aitwaye Jedida, akaniambia hivyo hivyo. Nikamsimamisha Kanze, akaniambia yumo ndani, lakini jibu ni hayumo. Walijua. Darasa zima walijua! Hawakuwa wajinga hata mmoja. Walikuwa wamefundishwa kwamba kusoma ni kukisia anachokitaka mwenye chaki, na kwamba macho yao wenyewe si ushahidi. Na kati yao wote, yule mmoja aliyeyaamini macho yake ndiye aliyeandikiwa kwamba hafahamu.

Kombe aliona mambo yanamponyoka. Akanivuta kando, lakini watoto walikuwa wakisikia. "Mzee, mimi na wewe tumetoka mbali. Sitaki ugomvi. Tumu aniambie jibu la mwongozo hapa hapa, mara moja tu, nami nampandisha darasa la tatu sasa hivi. Jambo limekwisha."

Kabla sijafungua kinywa, alikuwa amekwisha kumgeukia mtoto. "Haya, Tumu. Kwa nini Mzee Faki aliondoka?"

Tumu alinitazama. Akamtazama mwalimu wake. Wenziwe walikuwa wakimsukuma kwa macho, aseme, aseme waende kucheza. Machozi yakamlengalenga.

"Hapakuwa na mtu nyumbani," akasema.

"Vizuri sana! Mpigieni makofi."

Wakampigia makofi. Mtoto aliyejua kusoma alipigiwa makofi siku aliyoacha kusoma. Nimezika wazazi wangu wawili, na bado siwezi kusema kwamba nimepata kusimama mahali pachungu kuliko pale.

Ndipo Mwalimu Mwikali aliposema, kwa sauti ndogo, "Hapana, Mwalimu."

"Hapana nini?"

"Jibu hilo sitalipa alama." Akachukua kitabu kutoka mkononi mwangu, akakifungua mbele ya Kombe. "Nimetafuta shamba, silioni. Nimetafuta huzuni, siioni. Ndara naziona, na moshi nauona. Jibu lake la kwanza ndilo lenye alama, na hayo mengine mawili pia. Hili la leo ni kosa."

"Mwikali, wewe bado uko kwenye majaribio."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini aliyetia sahihi ripoti ni mimi. Nimesahihisha vibaya, nitasahihisha upya. Na hawa wengine wote tutaisoma tena hadithi."

"Na mkaguzi akikuuliza?"

"Nitamwonyesha picha."

Palepale juu ya dawati la Karisa akaifuta sifuri kwa mstari mmoja, akaandika alama kamili, akaandika *Apande darasa la tatu*, akatia sahihi yake chini. Kombe aliichukua karatasi ile, akaishika kitambo kirefu, kisha akaenda ofisini akaipiga mhuri. Hakusema amekosa. Hajasema mpaka leo.

Nami sikumsamehe. Nilimwambia mbele ya mlango wake: "Msichana huyu ametoka mbali, hakujua hodi yetu, na amejifunza asubuhi moja. Wewe umeijua tangu utotoni, ukaikana kwa ajili ya kitabu cha majibu. Idi ukija kwangu piga hodi vizuri, na usishangae pakiwa kimya."

Njiani Tumu alitembea nyuma yangu hatua mbili tatu. Tulipopita maduka akauliza, "Babu, umenikasirikia?"

"Nimekukasirikia."

"Nimepanda darasa la tatu."

"Umepanda kwa jibu la kwanza. La pili lilikuwa la nani?"

Akaharakisha mpaka akawa ubavuni mwangu. Kisha akasema, "Wote walikuwa wananitazama."

"Watakutazama maisha yako yote, mwanangu."

Hakulia. Aliyafikiri maneno yangu mpaka tukafika nyumbani, nami nikamwacha ayafikiri. Sikumnunulia chochote siku ile, ingawa Mwanabibi alinilaumu kwa moyo mgumu na akampikia mkate wa sinia bila idhini yangu.

Huu ni mwaka wa pili tangu mambo hayo. Mwalimu Mwikali angali hapa, na darasa lake hupiga kelele za namna nyingine, kelele za watoto wanaobishana wakielekezana kwa vidole kwenye kitabu. Lakini madarasa mengine nikipita barabarani nayasikia yakiitika kwa sauti moja, yakivuta mwisho wa maneno, na najua hakuna aliyetazama ukurasa.

Basi nyinyi vijana, mnaosoma na mnaosomesha, nisikilizeni, wala msinijibu kwamba nyakati zimebadilika. Someni kilichoandikwa. Kinachoonekana semeni kinaonekana, na kisichosemwa semeni hakikusemwa. Mkiulizwa, jibuni mnachokijua, hata darasa zima likiimba jambo jingine, hata anayeuliza akiwa ndiye mwenye mhuri. Anayewaambia kwamba akili ya nyumbani haina kazi shuleni anawaibia. Mkatalieni, kwa adabu, lakini mkatalieni. Na aliyenielewa asinipigie makofi. Akachukue kitabu, akae na mtoto, amuulize ameona nini.